Mdoli Kwenye Kiti cha Shangazi

Mimi ni shangazi. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Stockholm waliotaka kunifundisha vingine. Kaka yangu wa tumbo moja ana binti mmoja tu, na kwetu Morogoro binti wa kaka ana shangazi, na shangazi ana kazi zake: kumsuka, kumsema, kumficha akitafutwa kuchapwa, na siku za kuolewa zikikaribia, kuketi kando yake mbele ya wanawake wote na kumfunda yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyataja. Hata Waswidi, pamoja na ubaridi wao wote, wana neno lao la dada wa baba, hawamchanganyi na dada wa mama. Nafasi hiyo haiombwi. Unazaliwa nayo. Sasa nisikilizeni ilikuwaje nikapigishwa magoti kwenye sakafu ya ukumbi mmoja huko Södertälje, nyuma ya kianikio cha nguo, huku mdoli wa karatasi ameketi kwenye kiti changu.

Mdoli ni wangu, sikatai. Nimemtengeneza kwa mikono hii. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na miongoni mwao alikuwapo babu mmoja wa Kiswidi ambaye ujanani alichekesha watu redioni, yeye na mtoto wa mbao aliyempakata na kumsemea. Enzi hizo, alinieleza, familia nzima ilikaa kuizunguka redio saa ile ile, nchi nzima, na yule mtoto wa mbao alikuwa maarufu kuliko mawaziri. Nilicheka hadi nikamwaga uji. Nikamuuliza, "Kusema bila kufungua mdomo, tena redioni? Nani alikuwa anakuona?" Mzee akanuna, akakataa kula. Baadaye akaniambia kwamba hakuwahi kuchezesha midomo hata siku moja, na mtoto wa mbao alivalishwa tai kila kipindi, kwa sababu bila mtu wa kumtazama usoni, yeye mwenyewe asingethubutu kujisema vile. Watu hawakuwasha redio kwa ajili ya midomo yake, alisema. Walitaka kumsikia mdogo akimpa mkubwa ukweli wake.

Alinifundisha huku nikimsugua miguu na kumwoshea vyombo. Kiswahili ni kigumu kwa kazi hiyo, jamani, kila neno lina m au b, na hizo zinataka midomo ikutane. Inabidi ulimi ujifunze kufanya kazi ya midomo kule nyuma ya meno, taratibu, mpaka "mama" inatoka na uso umetulia kama wa mtu anayesubiri basi. Mazoezi niliyafanyia kwenye treni ya kwenda Jordbro ninakoishi. Nchi hii hakuna anayekuuliza kitu hata ukijisemesha peke yako, wanahama kiti tu.

Basi nikamfinyanga mdoli wangu kwa magazeti na gundi ya unga. Taya nikalifunga uzi wa kuvuta, nikamvika kilemba, na miwani niliyoipata kwenye soko la vitu vikuukuu. Jina sikumpa, nilimpa cheo: Shangazi. Tukaanza kwenda naye Hjulsta, mwisho wa reli ya chini ya ardhi, ambako chumba kimoja cha chini ya jengo kinarusha kipindi cha Kiswahili kila Jumamosi mchana. Mtangazaji ni baba mmoja wa Uvira, Kongo, mtu mzima, ana sauti ya mkwaruzo inayofaa kutangaza misiba. Siku ya kwanza alinitazama ninavyomtoa mdoli kwenye mfuko, akasema, "Mama, juu ya nini unamuleta huyu? Watu hawamuone ku radio!"

"Ninamwona mimi, Papa."

Akafikiri. Akavuta kiti cha pili, akakisogezea maikrofoni ya pili. Tangu siku hiyo akawa anamsalimia Shangazi kabla yangu.

Tulichekesha, sisemi uongo. Nikiingia hewani nasema, "Shangazi, shikamoo." Yeye anajibu, "Marahaba, umechelewa." Namwambia treni ilisimama njiani. Ananiuliza, "Na treni ndiyo iliyokufunika shuka mpaka saa nne?" Kisha simu zinaanza kulia. Mama mmoja alipiga kulalamika kwamba mume wake haoshi vyombo, anadai kwao si desturi. Shangazi akamuuliza, "Na kula, kwao ni desturi?" Kijana mmoja akapiga kuuliza mbona Shangazi mwenyewe haolewi. "Nani atanioa, mwanangu, na sina miguu? Wanaume wanataka wa kumtuma dukani." Papa wa Uvira aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanamtikisika, kipindi kikaenda bila mtangazaji.

Watu wakampenda. Ninawaelewa. Sisi wengi huku tumekuja bila shangazi, tumewaacha Kigoma, Bukavu, Kisumu, na mtu asiye na wa kumsema anakaa vibaya. Lakini hebu nisikilizeni na mimi. Niko dukani nachagua ndizi za kupika, mwanamke ananisogelea, anasikiliza sauti yangu, uso unamchangamka. "Wewe si ndiye unayembeba Shangazi?" Unayembeba! Mimi mchukuzi! "Msalimie sana," anasema, na huyo anaondoka na kigari chake. Mimi salamu yangu iko wapi? Ukipenda boga upende na ua lake, lakini hawa walikula boga wakalikanyaga ua.

Na sababu yao naijua. Niliachana na mume wangu. Tangu hapo akina mama wa kanisani kwetu walinihamisha bila kunitangazia. Kukiwa na harusi napelekwa jikoni kukata vitunguu. Kumsindikiza bibi harusi, hapana. Kumfunga kanga, hapana. "Aliyeshindwa ndoa hamfundi mwari," anasema mama mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti laini inayokuumiza taratibu. Ati nina mkosi. Nilishindwa? Khaa! Mume nilimwacha nyumbani nije nimtafutie njia, mimi huku nimevaa soksi mbili mbili nakimbizana na makaratasi yake, kumbe yeye ameshaoa Dodoma, kwa shangwe na matarumbeta. Kama mimi ndiye niliyeshindwa, basi nionyesheni aliyeshinda.

Hayo ya vitunguu niliyavumilia. Vitunguu navyo vinaliwa. Lakini nilijua siku moja itakuja zamu ya binti wa kaka yangu, na siku hiyo nilikuwa nimeihifadhi moyoni. Alikuja nchi hii mdogo, meno ya mbele hana. Wikiendi zake alizimalizia kwangu Jordbro, nikimsuka mbele ya televisheni. Damu yake ya kwanza ilimkuta kwenye sofa langu, na hakumpigia mama yake simu, aliniita mimi chooni. Ni wa kizazi cha waliokulia huku: unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiswidi, unamtania, anakujibu Kiswidi. Nikamzoea hivyo hivyo. Akachumbiwa na kijana mzuri, Mkongo aliyekulia hapa hapa, mama yake anatoka kulekule Uvira. Nikaanza kushona gauni langu la siku ya kumfunda.

Jumapili moja kaka yangu na wifi wakaja kwangu na keki. Kaka yangu anafanya kazi kiwanda cha malori, ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalikuwa yamekwisha. Wakavua viatu, wakaketi. Kahawa ikapoa. Mwishowe wifi akasema, "Wifi, akina mama wamekaa kuhusu ile sherehe ya kumfunda mtoto. Tunataka apate shangazi."

"Amemkosa lini?"

"Namaanisha Shangazi wa redio." Akajichekesha. "Upande wa bwana harusi wanampenda mno. Akikaa pale kwenye kiti, amfunde mtoto, watu wacheke, itapendeza sana."

"Na mimi?"

Wifi akaitazama keki. "Wewe si utakuwepo, wifi. Kwa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Tutaweka kitambaa."

Nilimgeukia kaka yangu. Alikuwa anajikuna goti. "Dada, usilifanye kubwa," akasema. "Ni mila tu. Unawajua wanawake."

Ala! Mila! Nikasimama. "Mila ya nani? Mila niliyolelewa nayo inasema shangazi aketi. Ni ipi inayosema aketi mdoli? Haya, tuseme nina mkosi. Mkosi wangu uko usoni tu, sauti haina? Mkono utakaomshika mdoli hauna? Mnataka maneno yangu, hamtaki mdomo unaoyatoa!" Nikaifunika keki yao nikawarudishia. Wifi akafika mlangoni, anafunga kamba za viatu, akasema bila kuniangalia, "Basi kitini atakaa mama mwenyekiti mwenyewe. Naye anayo ya kumwambia."

Hilo lilinikosesha usingizi. Nilijua anayo yapi. Nilijua pia kwamba nikisusa, mwanangu atafundwa bila mtu wa damu ya baba yake ndani ya chumba, na siku hiyo hairudiwi. Kesho yake nikampigia kaka yangu nikamwambia nitakuja. Akanishukuru, akaniomba nisimwambie mtoto ule mpango wa kitambaa, asije akaingiwa na mawazo kabla ya harusi. Nikakubali. Hasira nilizikunja pamoja na gauni nikazitia mfukoni, na mdoli juu yake.

Ukumbi ulikuwa chini ya majengo wanayoishi kaka na wifi, ule wa wapangaji, wenye tangazo ukutani la jinsi ya kuosha sakafu ukimaliza. Viatu vimejaa kama mlima mlangoni. Kitambaa chenyewe hakikuwa na pa kutundikwa, hivyo wifi alikwenda chumba cha kufulia akaleta kianikio cha nguo, kile cha vyuma cha kukunjua, akakifunika vitenge viwili. Mbele yake kiti, kimefungwa utepe wa dhahabu. Mdoli wangu akawekwa pale, kanga mabegani, na pembeni yake stuli yenye soda iliyofunguliwa, imetiwa mrija. Soda! Kwa kitu kisicho na koo! Mimi nikapigishwa magoti nyuma ya vyuma, mkono nimeupitisha kwenye uwazi wa kiti mpaka mgongoni mwa mdoli, na sikupewa hata mto wa kuwekea magoti. Maji ya kunywa niliomba mwenyewe.

Ngoma ikalia, vigelegele, wakamwingiza mwari amefunikwa gubigubi. Kupitia mwanya wa vitenge nikaona miguu yake, rangi ya kucha nyekundu niliyomnunulia. Wakamketisha mkekani, wakamfunua. Akatabasamu kuwatazama wote, akamwona mdoli, akacheka, kisha macho yakaanza kutafuta. Akamuuliza mama yake kwa Kiswidi shangazi yuko wapi.

"Si huyo mbele yako?" wifi akasema kwa sauti kubwa, na wanawake wakaangua kicheko.

Mwanangu hakucheka tena. Lakini kazi ni kazi, na mimi sikufundishwa kuharibu. Nikavuta uzi. "Karibu, mwanangu," akasema mdoli. "Kaa vizuri, shingo juu. Leo unafundwa na mtu asiye na kiuno, usinililie baadaye." Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikawaambia habari za wakwe wanaokuja kusalimia wakakaa mpaka msimu ubadilike, na za mume anayetafuta soksi akiwa amezivaa. Mama wa bwana harusi, mwanamke wa maungo makubwa, alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, anasema, "Weee, huyu mama! Huyu mama!" Nilimsikia. Magoti yananiwaka moto, huyu mama ni karatasi.

Ndipo mama mwenyekiti akanyanyua mkono, watu wakatulia. "Shangazi, sasa tuache mzaha," akasema kwa ile sauti yake. "Mpe mtoto neno la uvumilivu. Mwambie mwanamke mwenye hekima haondoki kwenye nyumba yake, litokee litokealo. Mwambie, akusikie wewe."

Hakuwa anamtazama mdoli. Alikuwa anatazama vitenge, pale pale palipokuwa na uso wangu. Alijua anasema na nani, na alitaka nilitoe mimi neno hilo, kwa ulimi wangu mwenyewe, nimpe mtoto niliyemlea, huku nimepiga magoti. Sijawahi kuonewa vile. Mume wangu mwenyewe hakunionea vile, yeye alikuwa mwongo tu.

Uzi sikuuvuta. Mtu akakohoa. Sauti moja nyuma ikasema, "Shangazi kalala!" wakacheka kidogo, wakaacha. Wifi akainama pembeni ya kianikio kama anayeokota kitu, akaninong'oneza, "Sema, wifi. Sema tu yaishe." Nikautoa mkono wangu kwenye kiti. Kichwa cha mdoli kikaanguka kifuani.

Mwanangu akasema, "Nina swali."

Alisema kwa Kiswahili. Yule yule anayenijibu Kiswidi tangu ana miaka minane, akakitoa Kiswahili chake cha kuokoteza mbele ya wanawake wa mataifa manne, neno moja moja, anahakikisha limekaa ndipo aweke lingine. "Mimi, ndoa ikinishinda, mtaniweka wapi? Mtaniweka nyuma ya hiki pia?" Akanyoosha kidole kwenye kianikio.

"Mwanangu, mtu hajitabirii mabaya siku ya furaha," akasema mama mwenyekiti.

"Samahani, mama. Nimemuuliza shangazi."

Wifi ameshika shingo yake. Hakuna aliyemjibu mtoto, wote wale waliojaa hekima, na swali lenyewe lilikuwa jepesi. Nikalijibu mimi, kwa sauti yangu, nene kama ilivyo. "Hapana. Utakuja kwangu."

Na mnajua walifanya nini? Walimgeukia mdoli! Wote! Kichwa kiko kifuani, miwani imeteleza, taya halijatikisika, na wanawake wazima, mama za watu, wanamkodolea macho, wanangoja aendelee. Hapo ndipo hasira zilipofika zinapokwenda. Nikasimama. Kianikio kikaenda chini na vitenge vyake, chuma kikagonga sakafu, mtoto wa mtu akalia huko mlangoni. Nikazunguka mbele na soksi zangu, goti moja limekufa ganzi, nikamwinua mdoli nikamweka mapajani mwa mama mwenyekiti. "Huyu ndiye mnayemtaka. Mshike," nikamwambia. "Sasa muulize neno lolote unalotaka."

Akamshika. Angefanya nini? Nikaketi kwenye kiti. Nilikuwa na kiu, nikaivuta ile soda mpaka mrija ukapiga kelele.

Wifi aliniambia kwa meno yaliyobana kwamba ninamharibia mtoto sherehe. Mama mmoja wa upande wetu alianza kutafuta mkoba wake. Mama wa bwana harusi alimtazama mdoli mapajani mwa mwenzake, akanitazama mimi, kisha akasema, si kwa mtu yeyote hasa, "Kumbe ni huyu." Mwanangu akasogeza mkeka wake, akauvuta mpaka miguuni pangu, akaegemeza mkono wake kwenye goti langu.

Nikamwambia, "Mwanangu, uvumilivu nao upo, sikatai. Utavumilia mume mkorofi akiwa na njaa. Utavumilia ndugu zake, utavumilia kukoroma. Lakini siku utakapogundua unaonewa, usingoje akina mama wakae kikao." Nilikuwa nataka kumwambia na mengine, ya chumbani, ndiyo kazi yenyewe, na hapo wifi akaenda kuwasha muziki. Aliupandisha mpaka mwisho, spika zikaanza kukwaruza. Baadhi yao wakasimama kucheza, migongo wametupa sisi.

Mwanangu akainuka kwa magoti, akaweka sikio lake karibu na uso wangu.

"Endelea, shangazi," akasema.

Nikamfunda mpaka wimbo ukaisha, na uliofuata.